Je, Bahari Inatudai?

Mtu wa Igalula akiambiwa kwamba bahari inamdai, bila shaka atacheka. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopeleka pembe za ndovu Bagamoyo walihesabu safari hiyo kwa miezi. Hata hivyo nauliza: je, mtu aweza kuwa na deni kwa asiyemwona?

Tukichoma mkaa, au tukikausha tumbaku katika mabani, moshi huonekana kitambo kisha hutoweka. Lakini hewa ya ukaa iliyomo haitoweki. Husambaa duniani kote na kuchanganyika na ile ya viwanda na magari, ambayo ndiyo nyingi zaidi. Kiasi cha robo ya yote tunayotoa wanadamu kwa mwaka humezwa na bahari, nayo huumia kwa kumeza: maji yake yanazidi kuelekea asidi, na matumbawe na konokono wa baharini hupata taabu kujijengea miili yao.

Ghala lenyewe liko pwani. Mikoko ya delta ya Rufiji, msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, huvuta hewa hiyo na kuitia katika majani na mizizi. Hivyo vikizama topeni, ambako oksijeni ni haba, haviozi upesi, na ukaa hulala humo karne nyingi. Mikoko ikifyekwa na tope likachimbuliwa, ukaa huo hurudi hewani.

Wapo wasemao dawa ni kulipa. Huko Gazi, Kwale, nchini Kenya, wanavijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko tangu mwaka 2013, na watu wa mbali hulipia ukaa unaohifadhiwa. Fedha hizo zimeleta maji na vitabu vya shule. Ni kazi njema. Ila je, aliyelipa ana ruhusa ya kuendelea kufukiza? Naona hapana. Mwenye ng'ombe akilipa fidia ya mahindi ya jirani, hapati haki ya kuwaachia tena kesho.

Na sisi? Moshi wetu ni mdogo mno mbele ya ule wa nchi tajiri; hilo ni kweli, nao watangulie kulipa. Lakini anayedaiwa kidogo bado anadaiwa. Kisiki cha mtundu kikiachwa huchipua, na mti mchanga hurudisha ukaa mwilini mwake. Palipong'olewa visiki ili kupanda tumbaku, hakuna cha kuchipua.