Mnyama Avizie Mlangoni mwa Moyo



Kaini alipokunja uso kwa wivu, Mungu alimwonya kwamba dhambi inamvizia mlangoni kama mnyama, naye hana budi kuishinda. Kaini hakusikia, akamwua Abeli ndugu yake. Onyo hilo lingali lina nguvu.

Mwalimu mmoja wa Uingereza, William Golding, alikuwa askari wa majini katika vita kuu ya pili, akaona maovu watendayo hata watu waliosoma. Mwaka 1954 alitoa kitabu kiitwacho Lord of the Flies, maana yake Bwana wa Nzi. Ndivyo watu wengi wanavyolieleza jina la Beelzebuli, mkuu wa pepo. Hadithi yake ni mfano, nao wamfaa kila mtu ajitayarishaye kubatizwa.

Wakati wa vita, ndege iliyokuwa ikiwahamisha wavulana wa Kiingereza ilianguka katika kisiwa kisicho na watu. Hakubaki mtu mzima hata mmoja. Wakubwa wao walipata miaka 12, wadogo miaka 6. Mwanzoni walifuata utaratibu mwema. Walimchagua Ralph awe mkuu. Waliokota gamba kubwa la kome wa bahari, wakapatana kwamba alishikaye ndiye asemaye, na wengine wasikilize. Wakawasha moto mlimani kwa miwani ya mvulana mnene aliyeitwa Piggy, ili merikebu ipitayo ione moshi.

Lakini Jack, kiongozi wa wanakwaya, alitamani ukuu. Alijipaka rangi usoni, na haya ikamtoka. Watoto wadogo waliogopa, wakisema kuna mnyama kisiwani. Jack akaitumia hofu yao: aliwaahidi nyama na ulinzi, wakamfuata. Wakaua nguruwe jike, wakasimika kichwa chake juu ya mti kuwa sadaka kwa mnyama, nzi wakakijaa.

Mvulana mpole, Simon, alipanda mlimani peke yake. Aliona kwamba kitu kilichowatisha wenzake ni maiti ya askari, iliyonaswa katika kamba za mwavuli aliorukia toka angani. Akashuka usiku, katika ngurumo, awaondolee hofu. Akawakuta wakicheza na kuimba maneno ya kuua. Wakadhani yeye ndiye mnyama, wakamwua. Baadaye Piggy naye aliuawa kwa jiwe lililosukumwa kusudi, na gamba lililokuwa mikononi mwake likavunjika. Mwishowe walimwinda Ralph, wakauchoma msitu. Moshi huo ukaonwa na manowari, ofisa akashuka kuwaokoa.

Je, mnyama alikuwa nani?

Kwanza, hakuwa mlimani. Bwana Yesu alifundisha kwamba uovu umtiao mtu unajisi hutoka moyoni. Hili ndilo jeraha la dhambi ya asili, nalo ni la wanadamu wote. Wavulana wale walijisifu kuwa si washenzi kwa sababu ni Waingereza. Basi pasiwe na kabila wala taifa lijidhanialo kuwa salama.

Pili, mavazi ya dini hayamfungi mnyama huyo. Jack na wanakwaya wake walifika wamevaa majoho yenye msalaba kifuani. Simon naye alitoka katika kwaya hiyohiyo. Vazi lao lilikuwa moja, mioyo haikuwa mamoja.

Tatu, amtafutaye mnyama kwa jirani humwua asiye na hatia. Kijijini homa ikimchukua mtoto, hofu huuliza mara moja ni nani aliyemroga, na vidole humwelekea bibi kizee asiye na mtetezi. Mkatekumeni asiingie katika kundi hilo, hata ikiwa ndugu zake wote wamo. Ralph na Piggy walikuwapo Simon alipouawa. Kesho yake Piggy alitafuta udhuru. Ralph alikiri kwamba walikuwa wameua. Mwenye kukiri hivyo ameanza kuelekea toba.

Ofisa yule aliweza kuwatoa wavulana kisiwani, lakini manowari yake nayo ilikuwa vitani. Hakuweza kumtoa mnyama mioyoni mwao. Kristu peke yake aweza. Yeye hakutawala kwa hofu: aliosha miguu ya wanafunzi wake, akakubali kuuawa na wale aliowaletea habari njema. Siku ya ubatizo mtaulizwa kama mnamkataa Shetani na kazi zake zote. Jitayarisheni kujibu kwa kuchunguza kila jioni moyo wenu wenyewe, si moyo wa jirani. Na neema ya Mungu iwasaidie. Amina.