Msiwaazime Watu Majina Yenu

Wajukuu zangu wa Kibiti, wa Bungu, wa Ikwiriri, na nyinyi mlioko huko visiwani Delta, kusema nimechoka, ila kunyamaza kumenishinda. Siku hizi kila kijana mwenye simu habari yake ni zabuni: kompyuta za shule, mashine za kukusanyia ushuru, kamera za ofisi, sola za zahanati. Sikatazi riziki. Nakataza jambo moja tu, kumwazima mtu jina lako akaombee kazi.

Mlango wenyewe naujua. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imetaka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma itengewe makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni sheria njema. Lakini tangu ije, jina la mtu wa Rufiji asiye na duka wala mtaji limepata bei mjini. Mgeni anashuka na gari lake, anakusanya vijana wenye vitambulisho vya Taifa, anawaandikisha kikundi, anawafungulia akaunti kwenye NeST, mfumo wa serikali wa kuombea zabuni mtandaoni, kisha nywila anaondoka nayo Dar es Salaam. Nyinyi mnaachiwa nauli na ahadi. Sisi wazee nasi tumo katika fungu hilo, na mimi nimekwisha kuombwa alama ya kidole. Nimekataa. Sababu ni hizi.

Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni. Inaamuru deni liandikwe, na anayesomesha mwandishi maneno ya kuandika awe yule mwenye kubeba haki ya mwenzake, yaani mdaiwa. Sasa jiulizeni: bei ameandika nani? Muda wa kufikisha mzigo ameahidi nani? Maneno ni ya mtu wa mjini, deni ni lenu. Vifaa vikija vibovu, au visipokuja kabisa, halmashauri itatafuta jina lililo kwenye mkataba. Mamlaka ya ununuzi, PPRA, ikifungia mzabuni, inafungia jina hilo hilo. TRA nayo kodi inaidai kwa namba yenu. Mtumbwi ukizama, anayeulizwa ni nahodha.

Msidhani haya ni ya wanyonge tu. Mnaikumbuka rada ile ya pauni milioni 28 iliyouziwa serikali yetu? Mwaka 2010 kampuni iliyoiuza, BAE Systems, ilikiri katika mahakama ya London kwamba haikuweka kumbukumbu sahihi za hesabu za fedha zilizopitia kwa dalali wake. Aliyesimama kujibu ni mwenye mkataba, si dalali. Kampuni ile ilikuwa na mawakili na hazina. Ilikubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya Watanzania, zikanunuliwa vitabu na madawati. Nyinyi mtatoa nini? Korosho za baba zenu?

Tena kazi yenyewe hamuijui, kwa kuwa hamkuipigia hesabu. Mtu wa mjini anaweka bei ya Kariakoo. Hajui kwamba mzigo wa visiwani Delta unapanda boti, boti inasubiri maji yajae, na chumvi ya huku inakula chuma. Hajui fundi atafikaje mashine ikizima masika. Anashusha bei ili ashinde, na kinachoshuka pamoja nayo ni ubora wa kifaa. Kamati ya ukaguzi na mapokezi ikikikataa, hakuna malipo. Ikifumba macho ikakipokea, mtoto wa dada yako ndiye atakayekaa mbele ya kompyuta isiyowaka.

Mtaniuliza: babu, tufanyeje, na mtaji hatuna? Anzeni na kazi mnayoiweza. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii, mjiandikishe wenyewe. Nywila ikae kwa viongozi wenu. Mkopo wa halmashauri upo: katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne ni za vijana. Mkimhitaji mwenye duka la Dar es Salaam, mwandikiane naye wazi, yeye ni muuzaji wenu, nanyi ndio wenye kazi. Kabla ya kujaza bei, someni nyaraka zote, muulize nauli ya boti Nyamisati, muulize na fundi. Fedha za serikali huweza kuchelewa, basi msikope kwa riba mkizitegemea. Mkiona mmedhulumiwa katika ushindani, lalamikeni kwa afisa masuuli. Msiporidhika, ipo Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma.

Faida ya kwanza itakuwa ndogo, najua, na ya yule mgeni itaonekana nono. Lakini ile asilimia 30 iliwekwa ili nanyi mjifunze biashara, na anayekodisha jina hajifunzi kitu. Atakayekuja tena na fomu zake, mwambieni aombe kwa jina lake.