Pua Husikia Nini?

Tuseme ni Jumapili mchana huko Matiri, wilayani Mbinga. Misa imekwisha, wageni wamekaa sebuleni, ugali na maharage viko mezani. Mlango wa bafu la wageni umefungwa, na karibu yake kuna chetezo chenye makaa na ubani. Mtoto wa miaka minne anakunja pua. “Bibi, mbona huku kunanuka?” Bibi anamkazia macho. Mama mwenye nyumba anatupia ubani mwingine kwenye makaa, na mazungumzo yanarudi kwenye bei ya kahawa.

Karibu kila mtu pale ameisikia harufu ile. Aliyeisema ni mmoja tu, naye ndiye aliyekaripiwa.

Je, anayefukiza ubani juu ya uvundo amewakirimu wageni au amewadanganya? Swali linaonekana dogo, la jikoni na bafuni, lakini dini na sheria zimelishughulikia kwa karne nyingi. Kiswahili chenyewe kina la kusema. Kunuka na kunukia vimetengana kwa silabi moja tu. Tena Mswahili haoni harufu wala haigusi. Huisikia, kama anavyosikia hodi mlangoni.

Anayebisha hodi katika bafu lile anajulikana. Chini ya sinki, na chini ya tundu la sakafuni, bomba hupindishwa makusudi ili kona yake ibaki na maji. Maji hayo ndiyo mlango: yanazuia hewa ya shimo la majitaka isirudi ndani. Mtindo huo ulipewa hataza mwaka 1775 na Alexander Cumming, mtengeneza saa Mskoti aliyefanya kazi London. Bafu la wageni likikaa miezi bila kutumika, hasa wakati wa kiangazi, maji yale hukauka kimyakimya. Njia kutoka shimoni hadi sebuleni inabaki wazi.

Kinachopita hapo ni pamoja na haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza, inayotolewa na bakteria wanaoozesha taka mahali pasipo na hewa. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chini ya sehemu 1 katika milioni ya hewa. Ajabu ni kwamba ikifika karibu sehemu 100 katika milioni, pua hufa ganzi na mtu haisikii tena, wakati ndipo hatari inapozidi. Ndiyo maana wapo walioshuka kwenye mashimo ya vyoo na wasipande tena. Pua ikinyamaza, hiyo si hati ya usalama.

Hata hivyo, kuoza si dhambi. Wamatengo wa milima ya Mbinga wanalijua hilo kuliko wengi. Katika kilimo chao cha ngolo, nyasi hufyekwa na kupangwa kwa miraba kwenye mteremko, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuzifunika. Shimo linabaki kukinga maji ya mvua, na nyasi zinaoza chini ya matuta zikilisha maharage, na baadaye mahindi. Ufukweni mwa Ziwa Nyasa, dagaa walioanikwa husikika kabla hawajaonekana, na anayelalamika ni mgeni. Mwenyeji pale anasikia ada ya shule.

Basi kosa liko wapi? Mwanaanthropolojia Mary Douglas, aliyeishi na Walele wa Kasai nchini Kongo, alijenga hoja katika kitabu chake cha mwaka 1966 kwamba tunachokiita uchafu ni kitu kilichotoka mahali pake. Hoja hiyo inakaribiana na agizo la Kumbukumbu la Torati, sura ya 23: Waisraeli waende haja nje ya kambi, wachimbe na wafukie, kwa kuwa Mungu hutembea kambini. Hawakuambiwa waone aibu kwa kuwa na mwili. Waliambiwa wachimbe.

Mafakihi wa Kiislamu walikwenda mbali zaidi, wakaipa pua kiti mahakamani. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, maji mengi, takribani lita 200 na zaidi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Na yakishabadilika? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anaeleza katika Minhaj kwamba mabadiliko yakiondoka yenyewe, au kwa kuongezwa maji, basi maji yametoharika. Yakiondoka kwa kutiwa miski au zafarani, hayajatoharika. Manukato yamemziba shahidi mdomo; kesi iko palepale.

Wakristo wa Matiri wana kisa chao katika Injili ya Yohana. Yesu anaagiza jiwe liondolewe kaburini kwa Lazaro, na Martha, mama wa nyumbani asiyezunguka, anamtahadharisha kwamba marehemu ana siku nne na ananuka. Yesu habishi kuhusu harufu, wala haombi ubani. Anataka pafunguliwe.

Wakuu wa London walianza na pazia. Kiangazi cha mwaka 1858 mto Thames ulinuka hadi mapazia ya Bunge yakaloweshwa dawa ya chokaa yenye klorini ili wabunge waweze kukaa. Haikufua dafu. Agosti mwaka huohuo walipitisha sheria, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mfumo mpya wa mifereji ya majitaka. Wengi wao waliamini kwamba harufu yenyewe ndiyo iletayo kipindupindu, ingawa daktari John Snow alikwisha kuonyesha mwaka 1854 kuwa kinaletwa na maji. Walimhukumu shahidi wakidhani ni mshtakiwa.

Kosa hilo bado linafanywa, tena kwa watu. Dar es Salaam wapo vijana wanaoshuka kwenye mashimo ya vyoo kuyapakua kwa mikono. Mtaani huitwa vyura. Wanakwepwa kwa harufu, ilhali harufu ile ni ya nyumba za wanaowakwepa. Hapo ndipo ukimya wa sebuleni unapogeuka dhuluma.

Ubani hauna kosa. Ukifukizwa baada ya matengenezo ni heshima kwa mgeni. Ukifukizwa badala yake ni pazia la Bunge. Mwenye nyumba naye ana udhuru wake: pua huzoea harufu ndani ya dakika chache, hivyo anaweza kuwa haisikii kweli. Anamhitaji mtu wa kumwambia, kwa adabu na pembeni.

Akishaambiwa, kazi si kubwa. Tundu lisilotumika limiminiwe maji, na juu yake kijiko cha mafuta ya kula ili yasikauke upesi. Sinki la jikoni lisipewe mafuta ya kukaangia, nalo lioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Bomba la hewa lipite juu ya paa. Choo cha shimo kipate bomba lake lenye wavu wa nzi. Dawa yenye klorini isichanganywe kamwe na siki wala asidi ya kusafishia choo, maana hutoa gesi ya sumu. Uvundo ukiendelea, aitwe fundi bomba aifungue chemba.

Bafu lile la Matiri huenda linahitaji nusu ndoo ya maji tu. Yamwagwe leo, kabla ya makaa kuwashwa. Na mtoto akiuliza tena Jumapili ijayo, ajibiwe.