Amana ya Mtunza Fedha

Fedha ni ahadi. Mfanyakazi hupokea noti leo kwa imani kuwa kesho itamnunulia unga kiasi kile kile. Ahadi hiyo ikivunjika, huumia kwanza asiye na ardhi wala nyumba, ambaye mali yake yote ni mshahara. Kwa hiyo mkuu wa benki kuu ni mtunza amana. Je, mtunza amana ana haki ya kumwumiza mwenye amana ili amana isipotee?

Paul Volcker, mwanauchumi wa Marekani, alilijibu swali hili kwa vitendo. Aliposhika uongozi wa Benki Kuu ya nchi yake, Agosti 1979, bei zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 11 kwa mwaka. Oktoba mwaka ule alibana wingi wa fedha, akaiacha riba ipande. Desemba 1980 mabenki yaliwatoza hata wateja wao bora asilimia 21.5. Wajenzi wa nyumba walimpelekea vipande vya mbao kwa njia ya posta. Wakulima waliandamana na matrekta yao mpaka ofisini kwake. Mwisho wa 1982 asilimia 10.8 ya nguvu kazi haikuwa na ajira. Walakini mwaka 1983 bei zilipanda kwa kiasi cha asilimia 3 tu.

Wengi husema kuwa matokeo yalimpa haki. Hoja hiyo haitoshi, maana kama mwisho mwema ungehalalisha kila njia, kila mkatili angejiita tabibu. Tabibu hutofautiana na mkatili kwa idhini ya mgonjwa. Volcker alikuwa na kitu kinachokaribia idhini hiyo: aliteuliwa kwa sheria, na Bunge lilipomwita alikwenda kujieleza hadharani. Waliolia walikuwa na mahali pa kupeleka kilio chao.

Lakini riba haijui mipaka. Mexico ilikuwa imekopa dola nyingi kwa riba yenye kupanda na kushuka, na Agosti 1982 ilitangaza kuwa haiwezi kulipa. Ni kweli kwamba watawala wake walikopa kupita kiasi. Ni kweli pia kwamba Volcker alisaidia kuitafutia mkopo wa dharura. Hata hivyo, kibarua wa Mexico hakumwekea Volcker amana yoyote, wala hakuwa na baraza la kumwita ajieleze. Alitibiwa ugonjwa wa mtu mwingine, naye akalipa gharama.

Basi, mtu aweza kutimiza wajibu wake wote na bado akabaki na deni. Uaminifu kwa aliyekuamini haufuti haki ya yule ambaye hakuulizwa. Wanafunzi wetu watakaokalia viti vya namna hiyo wasiridhike kujiuliza kama wameitunza amana. Wajiulize pia ni nani aliyelipia utunzaji huo, na watamlipa nini.