Kiota Kisicho na Mlinzi
Jumatano

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Mtu aliyekuta kiota njiani aliruhusiwa kuchukua nini, na alikatazwa nini?

Mawe makubwa ya Mwanza yanaendelea hadi ndani ya Ziwa Victoria. Juu yake hukaa mnandi, yule ndege mpiga mbizi anayeanika mabawa yake juani. Penye utulivu, kwenye miamba na miti ya kando ya maji, hujenga kiota cha vijiti. Makinda yake huanguliwa bila manyoya, na mzazi huwatilia kivuli kwa mwili wake.

Sabato alasiri, waumini wanaweza kukodi mtumbwi ili wakatazame kazi hiyo ya Muumbaji na kupiga picha. Nia ni njema. Lakini mtumbwi ukikaribia mno, mzazi huruka. Kinda huachwa kwenye jua kali, na kunguru au kenge hahitaji muda mrefu. Kundi hurudi na picha nzuri, lisijue limeacha nini nyuma. Je, panaweza kuwa na kosa pasipo nia mbaya?

Huenda mtu akajibu kwamba picha haichukui kitu. Lakini sheria ya kiota ilimhusu mtu ambaye pengine alikuwa na njaa, tena alikikuta kwa bahati tu. Hata hivyo aliwekewa mpaka. Mwenye kamera hana njaa, naye amekitafuta kiota mwenyewe. Je, mpaka wake uwe mpana zaidi? Mwingine atasema mwanadamu ni bora kuliko ndege. Ni kweli, lakini Yesu alipofundisha hivyo alisema pia kwamba Baba humwona kila shomoro aangukaye (Mathayo 10:29–31).

Kisiwa cha Saanane, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, kilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Huko kuna askari. Miamba mingine mingi ya ziwa haina mlinzi, kama vile kiota cha njiani kisivyokuwa na shahidi ila Mungu. Hata hivyo, utii huo wa sirini uliahidiwa heri na siku nyingi, ahadi ile ile waliyopewa wanaowaheshimu wazazi (Kumbukumbu la Torati 5:16).

Amri ya Sabato ilikumbuka pumziko la ng'ombe na punda (Kutoka 23:12). Haikumtaja mnandi. Lakini ni vigumu kuona jinsi mtu anavyoitakasa siku ya pumziko kwa kumwondolea pumziko kiumbe anayelea watoto. Ndege akiinuka na kunyoosha shingo, mtumbwi urudi nyuma, hata kama picha haijapatikana. Kumsifu Muumbaji kunaweza kuanzia mbali.

Kwa majadiliano: Ni mema gani mengine ambayo Mkristo huyafanya kwa nia safi, huku gharama yake ikilipwa na asiyeweza kulalamika?