Muhuri wa Ahabu

Tukisoma habari ya Nabothi katika 1 Wafalme 21, mara nyingi hasira yetu humwendea Yezebeli. Ndiye aliyewaandikia wazee wa mji, akaagiza mashahidi wawili wa uongo, na hata akataka itangazwe siku ya kufunga, ili uovu uvae vazi la ibada. Wakati huo mfalme Ahabu alikuwa amejilaza kitandani, amesusa chakula. Hakumrushia Nabothi hata jiwe moja. Lakini barua zile ziliandikwa kwa jina lake na kupigwa muhuri wake, na habari ya kifo ilipomfikia hakuuliza shamba limepatikanaje. Aliinuka akaenda kulichukua. Na Bwana alipomtuma Eliya, alimtuma kwa Ahabu, palepale shambani.

Tunataka kulitazama swali linalotoka katika habari hiyo. Mtu ana hatia gani kwa maneno yanayosemwa kwa faida yake, na vinywa alivyovilipia, huku yeye mwenyewe akikaa kimya au akisema maneno mazuri? Swali hili ni la zamani, lakini siku hizi linagusa mvua yetu na mashamba yetu.

Tuchukue mfano wa kampuni ya mafuta ya Exxon ya Marekani, ambayo tangu 1999 inaitwa ExxonMobil. Mwaka 1977 mwanasayansi wa kampuni hiyo, James Black, aliwaeleza wakuu wake kwamba wanasayansi kwa jumla wanakubali kuwa hewa ukaa inayotokana na kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe ndiyo njia inayoelekea zaidi ambayo kwayo binadamu anabadili hali ya hewa ya dunia. Kampuni iliajiri wataalamu, ikafanya makadirio yake yenyewe ya joto la miaka ijayo. Mwaka 2023 watafiti walioyapima makadirio hayo walichapisha katika jarida la Science kwamba mengi yake yalikuwa sahihi. Maana yake ni kwamba ndani ya nyumba taa ilikuwa inawaka.

Nje ya nyumba mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1989 kampuni za mafuta, makaa ya mawe, magari na nyinginezo ziliunda umoja ulioitwa Global Climate Coalition, na Exxon ilikuwamo. Umoja huo ulitumia fedha nyingi kuwashawishi wabunge na wananchi wa Marekani wasikubali mapatano ya kupunguza hewa ukaa, hasa yale ya Kyoto ya 1997. Mwaka 1995 wataalamu wa umoja wenyewe waliandika kwamba msingi wa sayansi hii hauwezi kukanushwa, lakini hadharani umoja uliendelea kupanda shaka. Mwaka 1998 kikundi kilichokutana chini ya chama cha kampuni za mafuta cha Marekani, API, na ambacho mjumbe wa Exxon alikuwamo, kiliandika mpango ambao ushindi wake ungepimwa kwa kuona raia wa kawaida wanaamini kwamba sayansi bado haina uhakika. Mwaka 2001 Marekani ilijitoa katika mapatano ya Kyoto, na mwaka uliofuata umoja ule ukavunjwa.

Kampuni yenyewe inakana kwamba iliudanganya umma. Inasema maneno yake yalilingana na elimu ya wakati huo, na kwamba wanaoishtaki wamechagua nyaraka zinazowafaa. Leo inasema hadharani kwamba inaunga mkono Mapatano ya Paris na kodi ya hewa ukaa. Lakini mwaka 2021 mmoja wa watu wake wa kushawishi wabunge alirekodiwa kwa siri akisema kodi hiyo ni jambo la kusemwa tu, kwa kuwa wanajua haitapita. Mkuu wa kampuni aliomba radhi, akasema maneno yale si msimamo wao.

Tuwe waadilifu hapa. Kampuni kuzungumza na serikali si dhambi. Kanisa nalo huenda kwa serikali likiombea shule zake na hospitali zake, na wakulima hutuma wajumbe kuhusu bei ya korosho. Anayetunga sheria bila kusikiliza wanaoguswa hutunga sheria mbaya. Wala si dhambi kuchimba mafuta, kwani sisi sote tulikuja kanisani Jumapili iliyopita kwa bodaboda, kwa daladala au kwa viatu vilivyosafirishwa kwa lori.

Dhambi tunayoitafuta iko mahali pengine. Amri inayokataza ushuhuda wa uongo ilitolewa kwanza kwa ajili ya baraza la hukumu, mahali ambapo neno la shahidi linaweza kumwondolea jirani uhai au urithi wake. Bungeni ni baraza la namna hiyo. Anayejua jambo, kisha akamlipa mwingine asimame barazani kulitilia shaka, ametoa ushuhuda wa uongo kwa kinywa cha kuazima. Hawezi kujitetea kwamba yeye mwenyewe hakusema. Muhuri ni wake, na shamba limekuja kwake.

Na jirani anayedhurika hayumo barazani. Mama wa Dodoma anayepanda mtama mara mbili kwa sababu mvua ya kwanza imekatika hakualikwa kutoa maoni Washington. Hatusemi kwamba kila ukame na kila mafuriko yametoka kwa kampuni moja. Tunasema kwamba miaka ya kuchelewa ilinunuliwa, na wanaoilipia zaidi ni watu ambao hawakuwapo kwenye manunuzi.

Makanisa mengine yalijikuta ndani ya baraza hilo kama wenye hisa. Sista Patricia Daly, mtawa Mdominiko wa New Jersey, alikwenda mwaka baada ya mwaka kwenye mikutano ya wanahisa wa Exxon akiwauliza wakuu kuhusu hali ya hewa. Mwaka 2017 mfuko wa Kanisa la Uingereza, pamoja na mfuko wa pensheni wa Jimbo la New York, uliongoza hoja ya kuitaka kampuni ieleze jinsi hatua za kulinda hali ya hewa zitakavyoathiri biashara yake, na asilimia 62 ya kura zikaiunga mkono ingawa bodi iliipinga. Mwezi Juni 2023 Kanisa hilo lilitangaza kwamba litaondoa fedha zake katika kampuni kubwa za mafuta na gesi, ExxonMobil ikiwamo, kwa kuwa hazikwenda kwa kasi ya kutosha.

Je, walikosea kukaa, au walikosea kuondoka? Tunadhani subira yenye swali ni ushuhuda, maana anayeuliza kila mwaka anamnyima Ahabu usingizi. Lakini subira isiyo na mwisho, inayopokea gawio na kunyamaza, ni kwenda kulala naye kitanda kimoja.

Sasa jiwe linakuwa zito mikononi mwetu. Gesi iliyo chini ya bahari mbele ya Lindi, katika kitalu namba 2, iko mikononi mwa Equinor ya Norwei pamoja na ExxonMobil hiyohiyo. Ndugu zetu wa Lindi wamesubiri mtambo wa gesi kwa miaka mingi, na hatuwezi kuwaambia kwamba ajira za watoto wao ni dhambi. Tunaloweza kudai ni ukweli, kwamba yanayosemwa kijijini yawe ndiyo yanayosemwa wizarani, na yanayosemwa wizarani yawe ndiyo yanayosemwa na vyama vya kampuni hizo huko kwao.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Siku kampuni yoyote itakapotuletea mabati ya kanisa, tupokee kwa shukrani, lakini tuulize mapema kama mabati hayo yataziba midomo yetu. Na tuanze nyumbani. Katika vyama vya ushirika, katika kamati za shule, katika vikao vya usharika, wapo wanaosema kwa niaba yetu. Ni mara ngapi tumeuliza wamesema nini? Mara ngapi tumefurahia tulichopata bila kutaka kujua kimepatikanaje?

Ahabu alipomsikia Eliya alirarua mavazi yake, akafunga, akavaa gunia, naye Mungu akaiona toba yake na kuahirisha adhabu. Hilo linatupa tumaini kwa wakuu wa kampuni, na kwetu pia. Lakini sura ile haisemi popote kwamba shamba lilirudishwa kwa jamaa ya Nabothi. Kila tunapoisoma, tuisome mpaka hapo, kisha tujiulize ni nini kilicho mikononi mwetu ambacho bado hakijarudishwa.