Tukunjue Mkeka

Januari imebisha hodi: sare, viatu, madaftari, na mfuko ndio ule ule. Ada katika shule za msingi za serikali iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini daftari bado linanunuliwa.

Nakumbuka Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, hadi mwishoni mwa Juni. Nyumba ziligeuka madarasa ghafla. Mama akahesabisha watoto kwa vizibo vya soda, redio ikafundisha, mkeka ukawa dawati. Kinachonisikitisha ni kwamba shule zilipofunguliwa, tuliukunja ule mkeka.

Tuukunjue tena. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomwa bure katika maktaba yake ya mtandaoni. Simu moja yenye intaneti nyumbani yatosha. Kurasa tupu za madaftari ya mwaka jana, zichomoeni mzishone kwa uzi. Na mtoto akikusaidia kukanda chapati, mwache apime mwenyewe nusu kilo na robo ya unga. Hapo anajifunza sehemu kwa mikono yake.

Mzazi mwenzangu, leo jioni, kabla ya safari ya soko la Kariakoo kununua vifaa, kaa na mwanao msomeane ukurasa mmoja.